Waifai haifiki chumbani: repita, waya au ruta ya pili?

Vijana wanaokaa baraza iliyo chini ya nyumba yetu, Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, walikuwa wanaipata waifai yetu vizuri kuliko mimi ninayeilipia. Si utani. Ruta ilikuwa ghorofa ya kwanza, ndani ya kidaka kilicho mkabala na dirisha la uchochoroni, na mawimbi yakishatoka dirishani hayana kizuizi mpaka barazani. Mimi nafanyia kazi ghorofa ya pili, chumba cha nyuma, kwenye kompyuta ya mezani, na baina yangu na ruta kuna kuta mbili za mawe na dari ya boriti. Wao wakiangalia mpira bila kukatika. Mimi nikiangalia kiduara kinazunguka.

Neno la siri nililibadilisha siku ile ile (aliyewapa namjua, tunakula sinia moja), lakini chumbani kwangu hapakubadilika kitu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba shida haikuwa wingi wa watu. Mawimbi yenyewe hayafiki.

Tangu wakati huo nimeshapitia karibu kila dawa inayouzwa mjini: kwangu, kwa dada yangu anayekaa fleti Michenzani, na kwa ami yangu Wete, Pemba. Nyumba tatu, malalamiko yale yale, na kila moja ikapona kwa dawa yake. Ndiyo maana mtu akiniuliza "kifaa gani kizuri?" mimi humuuliza kwanza anakaa nyumba ya namna gani.

Kabla ya kutoa pesa

Chukua kompyuta, au simu kama kompyuta haibebeki, kaa nayo hatua mbili kutoka kwenye ruta, ufungue unachofungua siku zote. Kama hata hapo kunasuasua, basi waifai yako haina kosa. Tatizo liko kwa kampuni inayokuletea mtandao, au kwenye bando, au kwenye kompyuta yenyewe, na hakuna kifaa kati ya nitakavyovitaja kitakachokusaidia. Kama hapo inakimbia na chumbani inatambaa, endelea kusoma.

Jambo la pili, usiamini ile mistari ya kwenye kioo. Ni ya kukupa moyo tu. Kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika netsh wlan show interfaces, kisha tafuta mstari wa Signal. Utakupa asilimia. Asilimia 100 hapo ni nguvu ya dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) -50 au zaidi, na asilimia 0 ni -100, kwa hiyo 60 ni kama -70. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya waifai, utaona namba yenyewe kwenye mstari wa RSSI. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo bora. Ikiwa -67 hivi, unaweza kuongea kwa video bila ya kuganda. Ikishuka chini ya -70 taabu inaanza, na ikifika -80 utafungua barua pepe ukibahatika. Kumbuka pia kwamba ukishuka kwa 10 nguvu haikupungua kidogo: imebaki sehemu moja ya kumi.

Andika namba hiyo kwenye karatasi, chumba kwa chumba. Mimi niliandika nyuma ya risiti ya umeme. Bila ya karatasi hiyo utanunua kifaa, utakichomeka, utasema "naona kama imeongezeka", na hutajua kama ni kweli au ni ile hamu ya kuona pesa haikupotea.

Ukuta ndio unaoamua

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na kuta zake aghalabu zina unene wa nusu mita na kuzidi. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, na ndani ya mita kumi tu unaweza kuvuka kuta tatu nene. Halafu chokaa inakunywa maji. Masika ukipapasa ukuta wa chini unaona mkono umelowa, na maji hula mawimbi ya waifai, hivyo ukuta wenye unyevu ni mbaya kuliko mkavu. Aliyejenga nyumba hii alitaka kuzuia joto, na amefaulu kuzuia na mengineyo.

Majumba ya Michenzani, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, ni ya zege. Kuta zake si nene kama zetu. Lakini fleti ni ndogo, na ugonjwa wake mara nyingi ni majirani: juu ruta, chini ruta, kushoto na kulia ruta.

Nyumba ya tofali yenye paa la bati, kama ya ami yangu na kama zilivyo nyingi za Fuoni, Mpendae au Chake Chake, haina tabu kubwa ndani kwa ndani. Tofali moja linapitika. Bati ndilo halipitiki: mawimbi yakiligonga yanarudi. Kwa waifai ya ndani hilo hata halina ubaya, lakini kama mtandao wako unatoka kwenye ruta ya laini ya simu, ubaya upo, na nitaueleza nikifika Wete.

Wenye nyumba za makuti wasome kwa kujifurahisha tu. Makuti makavu hayazuii kitu.

Dawa ya bure: hamisha ruta

Nimesema ruta yetu ilikuwa kidakani. Kidaka ni mahali pazuri pa msahafu, chetezo na vikombe vya kahawa. Kwa ruta ni kaburi, kwa sababu jiwe limeizunguka pande zote isipokuwa mbele, na mbele yake ndipo lilipokuwa dirisha la uchochoroni. Tulikuwa tunawarushia waifai watu wa barazani kwa makusudi bila ya kujua.

Nikaitoa, nikaiweka juu ya kabati ukumbini, karibu na mlango wa ngazi. Ngazi ni uwazi, na mawimbi, kama moshi wa jikoni, hupita penye uwazi kabla ya kuhangaika na ukuta. Namba chumbani kwangu ilitoka -84 ikawa -76. Bado mbaya, ila sikutoa hata senti.

Ukihamisha, ruta isikae nyuma ya televisheni, nyuma ya friji, wala mbele ya kabati la kioo, kwani mgongo wa kioo una rangi ya madini nayo hurudisha mawimbi. Tangi la maji nalo ni ukuta. Na antena za nje usizipange zote wima kama askari wa gwaride: antena hutoa mawimbi kwa ubavu na si kwa ncha, kwa hiyo ukitaka yapande ghorofani, moja ilaze.

Dawa nyingine ya bure ni kuchagua masafa. Ruta nyingi za siku hizi zina mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. La 5 lina kasi, lakini ukuta mnene hulimaliza. La 2.4 ni la polepole, na ndilo linalovumilia ukuta. Mara nyingi yote mawili yamepewa jina moja, na kompyuta huweza kung'ang'ania la 5 hata pale lilipokwisha dhoofu. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uyape majina mawili tofauti, kisha chumba cha mbali ukiunge na la 2.4 kwa mkono wako. Kwa nyumba za mawe hili lina faida ya papo hapo.

Repita: niliponunua majuto

Baada ya kuhamisha ruta nilikwenda Darajani. Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, alinitolea kidude cheupe cha kuchomeka ukutani chenye antena mbili.

"Kaka, hii unachomeka tu, umemaliza. Nyumba nzima."

"Ya mawe?"

"Hata iwe ya chuma."

Nikainunua, nikaichomeka chumbani kwangu, pembeni ya kompyuta. Mistari ikajaa yote. Nikafurahi mno. Dakika tano baadaye kiduara kikarudi kuzunguka.

Kosa lilikuwa langu, ingawa muuzaji naye angeweza kusema. Repita haizalishi mtandao, inarudia kile inachokisikia. Ukiiweka mahali ambapo mawimbi yameshakuwa hoi, itarudia hoi hiyo hiyo kwa sauti kubwa. Ile mistari iliyojaa inapima umbali baina ya kompyuta na repita, hatua moja, haipimi chochote baina ya repita na ruta. Mahali pake ni katikati ya njia, pale ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu, kwa namba ile iwe bado kwenye -60 na kitu.

Lipo na la pili ambalo hata ukiiweka vizuri hulikwepi. Repita ya bei ya chini ina redio moja ya masafa ya 2.4. Inasikiliza, kisha inasema. Haiwezi kufanya yote kwa pamoja. Kwa hiyo kasi hukatika karibu nusu. Zipo za masafa mawili ambazo hupokea kwa moja na kutoa kwa jingine, hizo ni afadhali, lakini bei yake inaanza kukaribia vitu bora zaidi.

Nimeihamishia repita yangu kwenye kipembe cha ngazi, baina ya ghorofa mbili, nikapata mtandao wa kutosha kusoma barua na kutuma hesabu (ninaweka hesabu za nyumba mbili za wageni, kazi yenyewe si ya kurusha mafaili makubwa). Kwa mtu wa namna hiyo, aliyepanga, asiyeweza kupitisha waya, repita ya masafa mawili iliyowekwa penye uwazi inamtosha. Kwa mtu wa mikutano ya video, hapana.

Waya na ruta kuukuu

Hii ndiyo niliyoishia nayo, na kama utasoma sehemu moja tu ya makala haya, soma hii.

Waya wa mtandao wa daraja la Cat5e unabeba gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100. Hakuna nyumba Kiponda yenye mita 100. Haujali chokaa, haujali masika, haujali ruta ya jirani. Ukiupeleka mpaka kwenye kompyuta ya mezani moja kwa moja, umeshamaliza, waifai haikuhusu tena. Ukitaka na simu zipate ghorofani, mwisho wa waya unaweka ruta nyingine, na si lazima iwe mpya: ile ya zamani uliyoitupa kabatini ulipobadilisha kampuni inaweza kufaa, ili mradi kampuni haikuifunga mipangilio yake.

Ruta kuukuu unaitengeneza hivi. Unaipa anwani isiyogongana na ya ruta kubwa. Kama kubwa ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2. Unazima kazi yake ya kugawa anwani, ile inayoandikwa DHCP, kwa sababu wagawaji wawili ndani ya nyumba moja ni ugomvi. Waya unaoutoa kwenye ruta kubwa unauchomeka kwenye moja ya matundu yale manne yanayofanana, si lile la peke yake lenye rangi tofauti. Jina la waifai na neno la siri viwe sawasawa na vya chini, ila chaneli, ile njia ndogo ndani ya masafa, iwe nyingine. Ukishuka na kupanda na simu mkononi, itahama yenyewe.

Gumu ni kupitisha waya wenyewe. Usikimbilie drili. Jiwe la matumbawe halitoboki kama tofali: unaanza na tundu la kidole, plasta ya chokaa inamomonyoka, unamaliza na tundu la ngumi. Na Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo ukuta wa nje si wa kuchezea bila kuwauliza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mimi sikutoboa hata tundu moja. Waya umepanda na ngazi, umelazwa juu ya boriti kwa vibano vidogo, umeingia chumbani juu ya fremu ya mlango pale ambapo ubao umejipinda na kuacha nafasi. Fundi alitumia asubuhi moja. Bibi alilalamika siku mbili, kisha akausahau.

Wakati wa kununua waya, chukua kisu kidogo ukwangue nyaya za ndani. Zikiwa nyekundu mpaka katikati, ni shaba. Zikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, inakatika upesi ikipindwa. Hewa ya bahari nayo, ukiuacha wazi kwenye kiungio, inauharibu mapema. Sehemu zinazopita nje zinahitaji waya wa nje hasa, wenye gamba jeusi linalostahimili jua. Na panya, wenye nyumba za zamani mnajua, wana kauli yao kwenye jambo hili. Pitisha mahali ambapo hawapandi, au ndani ya bomba la plastiki.

Chumbani kwangu sasa kompyuta iko kwenye waya, na simu inaonyesha -45.

Meshi, na adapta za umeme

Meshi ni zile ruta mbili au tatu zinazouzwa pamoja, zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe. Ni nzuri kweli kwenye nyumba pana ya tofali, ya chini. Kwenye nyumba ya mawe zinagongana na ukuta ule ule uliomshinda repita, kwani nazo zinazungumza kwa mawimbi, labda uzipange zionane kupitia ngazi au uwazi wa ua wa ndani. Nyingi zinakubali kuunganishwa kwa waya, na hapo zinakuwa bora. Lakini ukishapitisha waya, ruta kuukuu inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bure. Bei ya meshi ndiyo ya juu kuliko vyote humu.

Adapta za umeme zinapitisha mtandao kwenye nyaya za umeme za nyumba: moja unachomeka karibu na ruta, nyingine karibu na kompyuta, na soketi zetu za pini tatu za mraba ni sawa na za Uingereza kwa hiyo za huko zinaingia bila ya kiunganishi. Kwa nadharia hii ndiyo dawa ya nyumba ya mawe, maana waya umeshapita ukutani zamani. Kwa vitendo inategemea nyaya hizo zilivyo. Zikiwa za miaka na miaka, zimeungwa na kila fundi aliyepita, utapata kasi ya kubahatisha. Na kama juu na chini ni familia mbili zenye mita mbili za Tukuza (umeme wa kulipia kabla), sahau. Usizichomeke kwenye kebo ya soketi nyingi, hasa ile yenye kinga ya umeme, kwani kinga huchuja na mawimbi yake. Kama kuna mtu wa kukuazima jozi moja kwa siku mbili, jaribu. Kununua kwa bahati nasibu sikushauri.

Kompyuta yenyewe ikiwa ndiyo kiziwi

Kompyuta ya mezani ina ila yake. Kadi yake ya waifai iko nyuma ya kasha la chuma, kasha liko chini ya meza, kimegusana na ukuta. Zile antena mbili ndogo za kukaza kwa mkono nyuma ya kasha, mara ngapi nimezikuta bado zimo kwenye boksi! Bila antena hizo kadi inasikia kwa taabu hata ikiwa chumba kimoja na ruta. Angalia hilo kabla ya kununua chochote.

Kama haina kadi, au ya ndani ni ya zamani, adapta ya USB yenye antena ni ya bei nafuu. Ila usiichomeke nyuma ya kasha ukaiacha hapo. Tumia waya wa USB wa kurefushia, mita moja au mbili, uipandishe juu ya meza. Kuna na sababu nyingine isiyojulikana sana: matundu ya USB 3, yale yenye ulimi wa buluu, vikiwa kazini na diski ya nje hutoa kelele za redio zinazoangukia kwenye masafa ya 2.4. Dada yangu alikuwa anakatikiwa kila akihifadhi picha kwenye diski, akadhani ni shetani. Adapta ilikuwa imechomekwa pembeni ya diski. Waya wa mita moja uliyamaliza.

Kwa laptopu, antena ziko ndani ya mfuniko wa kioo, kwa hiyo usiifanyie kazi ikiwa imefungwa. Na kwenye Windows, katika sifa za kadi ya waifai, kuna kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Kiondoe tiki.

Kwa anayetaka kuona kwa mkupuo mmoja, huu ndio mpangilio wangu:

| Dawa | Nyumba ya mawe | Fleti ya zege | Tofali na bati |
|---|---|---|---|
| Kuhamisha ruta | Anza hapa. Itoe kidakani, ielekeze ngazini | Husaidia kidogo | Mara nyingi inatosha peke yake |
| Kubadilisha chaneli | Haina athari kubwa | Hii ndiyo dawa | Si lazima |
| Repita | Ya masafa mawili, ngazini tu | Inaongeza kelele, iache | Inafaa kwa banda la uani |
| Waya na ruta kuukuu | Bora kuliko vyote | Bora, ila fleti ndogo haihitaji | Bora kama nyumba ni ndefu |
| Meshi | Kwa waya tu | Ghali bila sababu | Nzuri kwa mwenye uwezo |
| Adapta za umeme | Jaribu za kuazima | Hazihitajiki | Zinafaa, mita ikiwa moja |
| Adapta ya USB | Kwa kompyuta ya zamani tu | Ndiyo | Ndiyo |

Michenzani: si udhaifu, ni msongamano

Kwa dada yangu namba ilikuwa -55. Nzuri kabisa. Na bado usiku mtandao ulikuwa haukaliki. Nikaandika netsh wlan show networks mode=bssid, nikapata orodha ndefu ya majirani, wengi wao wamejaa chaneli 6.

Masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizopandana: 1, 6 na 11. Ukichagua 3 kwa kudhani umejitenga, umewaudhi wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na wao wamekuudhi. Tulihesabu walioko kwenye kila moja ya hizo tatu, tukahamia yenye wachache. Kisha tukafanya kinyume cha ninavyofanya kwangu: kompyuta tukaiunga na masafa ya 5, ambayo ukuta wa zege huyazuia yasivuke kwa jirani, na hapo kuzuiwa ndiko tunakokutaka. Ndani ya fleti ya vyumba viwili yanafika bila shida. Repita ingekuwa mzungumzaji mmoja zaidi ndani ya chumba ambacho kila mtu anapiga kelele.

Wete: mawimbi mawili, si moja

Ami alinipigia baada ya Isha.

"Mwanangu, mtandao wenu huu mbona kwetu unakuja ukitaka?"

"Ami, ruta ipo wapi?"

"Chumbani, juu ya kabati. Isiibiwe."

Yeye anatumia ruta ya laini. Ruta ya namna hiyo ina safari mbili: kutoka mnarani mpaka kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta. Watu hushughulikia ya pili na kuisahau ya kwanza. Chumba cha ami kiko katikati ya nyumba, juu bati, kwa hiyo mawimbi ya mnara hayaingii vizuri ila madirishani. Waifai ya kutoka ruta mpaka kompyuta ilikuwa safi, asilimia tisini na kitu. Kilichokuwa dhaifu ni kile kilichoingia kwenye ruta yenyewe, na hata ningempelekea meshi ya bei gani angepata udhaifu ule ule vyumba vyote.

Nilipokwenda tulitembea na ruta dirisha kwa dirisha, tukitazama taa zake za mnara. Dirisha la mbele, linaloelekea mnara, lilitushangaza: taa moja. La ukumbini, la upande, taa tatu. Tofauti ilikuwa wavu wa mbu. La mbele lina wavu wa chuma, na tundu za wavu huo ni ndogo mno kwa mawimbi kupita, unafanya kazi kama ukuta wa bati. La upande lina wavu wa plastiki. Tukaweka ruta hapo, meza ya kompyuta ikabaki ilipo, umbali wa chumba kimoja cha tofali, na hakuna tulichonunua.

Nilimwachia na njia ya akiba: siku ruta ikizima, achukue simu yake, aiunge na kompyuta kwa waya wake wa chaji, awashe kugawa mtandao kwa USB. Waifai haimo kabisa hapo. Na kwa kuwa umeme nao hukatika, nimempelekea betri ndogo ya volti 12 ya kukaa kati ya ruta na soketi, baada ya kusoma kwenye kibandiko cha chini kwamba ruta yake ni ya volti 12 kweli. Zipo za 9 na za 5, na ukikosea unaweza kuiunguza.

Juzi amepiga tena kuuliza kama mvua ikija ya upepo ruta haitalowa pale dirishani. Italowa. Nimemwambia aisogeze shubiri mbili ndani, atazame taa, na zikibaki tatu aiache hapo hapo.